Kujifunza Uhifadhi Mtandaoni, Kupanda Ukingoni: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi Kimoja cha Nairobi

Majina ya watu, mtaa, mfadhili na kozi zilizolalamikiwa yameondolewa. Zana za mtandaoni zilizofaa zimetajwa kwa majina yake ili msomaji aweze kuzitafuta.

Usuli

Kikundi hiki ni cha vijana 26 wa mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi, wenye umri wa kati ya miaka 18 na 29. Riziki yao ni kuzoa taka za nyumbani kwa mkokoteni na kuwauzia wanunuzi plastiki na vyuma wanavyochambua. Mtaa umepakana na kijito kinacholisha Mto Nairobi, na maji yake hatimaye huingia Mto Athi. Ukingo ni mwinuko wa udongo uliochanganyika na mifuko, nguo kuukuu na vifusi vya ujenzi. Sehemu ya chini wazee wachache wamelima nduma na nepia. Mita chache juu yao nyumba za mabati zinaanza.

Kwa muda mrefu kikundi kilifanya usafi wa kijito kila mwisho wa mwezi. Taka zilitolewa, mvua ikanyesha, taka zikarudi. Wanachama walitaka kuvuka hatua hiyo: waelewe mto wao, wapande miti ukingoni, na waweze kukaa mezani na maafisa wa kaunti bila kubabaishwa na istilahi. Mfadhili mdogo alikubali kulipia bando za intaneti kwa miezi sita ili wajifunze uhifadhi wa mazingira mtandaoni. Sharti lake lilikuwa moja: ripoti ya mwisho ionyeshe idadi ya vyeti. Sharti hilo ndilo lililopinda mambo tangu mwanzo.

Vifaa vilikuwa simu janja 17, nyingi zikiwa zimejaa picha na video hadi pomoni, kompyuta mpakato moja, na waifai ya bure katika ukumbi wa kijamii iliyofanya kazi vizuri asubuhi tu.

Awamu ya kwanza: kozi ya wiki nane

Mratibu alichagua kozi ya kimataifa ya bure kuhusu urejeshaji wa mifumo ikolojia. Ilikuwa ya Kiingereza, yenye video za saa tatu kwa wiki, maswali ya kuchagua jibu, na cheti mwishoni. Ilichaguliwa kwa sababu ilitoa cheti. Hakuna aliyeuliza kama ilikuwa na somo lolote kuhusu kijito cha mjini katika nchi za tropiki.

Wanachama 26 walijisajili. Wiki ya kwanza 19 waliingia, wiki ya tatu wakabaki 9, na wanne wakapata vyeti. Kati ya hao wanne, watatu walikuwa tayari wanasoma vyuoni.

Chanzo cha kwanza cha kuacha kilikuwa hesabu ambayo ingeweza kufanywa mapema kwa dakika mbili. Video ya ubora wa wastani hula takriban nusu giga kwa saa. Saa tatu ni giga moja na nusu. Bando iliyotolewa ilikuwa giga moja kwa wiki, nayo iliisha muda wake siku ya saba iwe imetumika au la. Hata mwanafunzi asiyefungua kitu kingine chochote kwenye simu yake, jambo ambalo halipo, angeishiwa baada ya saa mbili za video.

Cha pili ni saa za kazi. Mizunguko ya mkokoteni huanza alfajiri na kuisha adhuhuri, yaani saa zile zile waifai ya ukumbi ilipokuwa na nguvu.

Halafu kuna maudhui yenyewe. Mifano ilitoka kwenye misitu ya nchi za baridi na mito ya samaki aina ya samoni. Waliomaliza waliweza kueleza huduma za mfumo ikolojia kwa sentensi nzuri. Walipoulizwa kichaka cha maua makubwa ya manjano kilichotanda ukingo mzima kinaitwaje, hakuna aliyejua. (Ni tithonia, mmea wa Amerika ya Kati uliozoea kabisa kandokando za barabara na mito ya Kenya.)

Miche mia tatu

Kozi ikiwa bado inaendelea, baadhi ya wanachama walikutana na video za kupanda msitu mdogo ulioshonana kwa njia ya Miyawaki, iliyoanzishwa na mtaalamu wa mimea wa Japani, Akira Miyawaki. Njia hiyo hupanda miche mitatu hadi mitano kwa kila mita moja ya mraba, ya aina nyingi za asili ya mahali husika. Kabla ya hapo udongo huchimbuliwa na kurutubishwa, kisha hufunikwa kwa majani makavu, na miche humwagiliwa na kupaliliwa kwa miaka miwili au mitatu hadi ijitegemee.

Video waliyoifuata ilikuwa ya dakika sita. Ilionyesha kupanda na, miaka michache baadaye, msitu. Yaliyo katikati hayakuwamo.

Mwishoni mwa Januari walipanda miche 300 kwenye mita 100 za mraba. Makosa yalikuwa manne, na kila moja peke yake lingetosha kuleta hasara:

- Wakati. Nairobi hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari ni jua kali.
- Maji. Mche mmoja ukipewa lita tano, miche 300 inahitaji lita 1,500, yaani madumu 75 ya lita 20 kwa mzunguko mmoja, yakipandishwa kwa mikono kwenye mwinuko. Mizunguko miwili kwa wiki ni madumu 150. Waliokuwa wakijitokeza kumwagilia walikuwa watatu.
- Aina. Miche ilinunuliwa kwenye vitalu vya kando ya barabara, na mingi ilikuwa mukima, jakaranda na mingine ya mapambo. Njia yenyewe inadai miti ya asili.
- Mahali. Mashimo yalichimbwa kwenye tambarare ya chini kwa sababu huko udongo ulikuwa laini. Ulaini huo ulitokana na mashapo ya mafuriko.

Katikati ya Machi miche 41 ilikuwa hai. Aprili kijito kilifura, na maji yalipopungua ikahesabiwa saba. Mzee mmoja mwenye shamba la nduma aliwaambia, "Vijana wangu, hapo mlipopanda maji hufika kila masika. Mngeniuliza." Mmoja wao akajibu, "Pole mzee, tulidhani video imetosha."

Uamuzi wa kusimamisha

Mei mratibu na viongozi wa kikundi waliamua mambo mawili. Kwanza, kozi ndefu zikome, hata kama ripoti ingekosa vyeti. Pili, kutafuta chanzo cha kujifunzia kusianze kabla ya kuwa na swali. Kila mwanachama aliandika jambo moja analotaka kujua kuhusu kijito, na maswali yakapangwa. Yaliyojirudia yalikuwa manne: maji haya ni machafu kiasi gani na uchafu unaingilia wapi; ni mimea gani inaota hapa; ardhi ya ukingo ni ya nani; na ukingo huu ulikuwaje zamani.

Sababu waliyoitoa kwa mfadhili ilikuwa ya kiutendaji. Somo lolote ambalo hatua yake ya pili haiwezi kufanyika kwenye kijito chao ndani ya wiki hiyo hiyo lingewekwa kando. Hiki ni kichujio kikali, na kinaacha nje mengi yenye thamani, zikiwemo kozi nzuri za bure za tabianchi zinazotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambao shirika lake la mazingira, UNEP, makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri. Kwa mtu anayetafuta ajira ofisini kozi hizo zinafaa. Kwa kikundi hiki, wakati huo, hapana.

Swali la maji

Walitumia miniSASS, njia ya Afrika Kusini ya kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu na wanyama wadogo wa majini. Maelekezo na kadi za picha zinapatikana bure mtandaoni, na faili ni ndogo. Wanyama wamegawanywa katika makundi 13, kila kundi likiwa na alama kulingana na uwezo wake wa kuvumilia uchafu. Minyoo, ruba na mabuu ya nzi na mbu wana alama 2 kila kundi, konokono 4, kerengende wembamba 4, kerengende wakubwa 6, kunguni wa maji na mbawakawa 5, kaa na uduvi 6, wale wanaojijengea vibanda vya mchanga na vijiti 9. Kundi lenye alama ya juu kabisa, 17, ni la wadudu wa mawe wenye mikia miwili, ambao hawakai kabisa kwenye maji yaliyochafuka.

Kazi ni hivi. Shika neti ndogo ya matundu ya milimita moja hivi, uiweke upande wa chini wa mkondo, usugue mawe na kutikisa majani kwa mguu ili vilivyojificha visombwe hadi kwenye neti. Endelea kwa dakika tano, ukihama kutoka mawe hadi mimea hadi mchanga. Mwaga ulichopata kwenye chombo cheupe (mikebe mitupu ya aiskrimu ilitumika), ongeza maji kidogo, tambua makundi. Jumlisha alama za makundi uliyoyaona, ugawanye kwa idadi ya makundi. Wingi wa wanyama hauhesabiwi. Mnyoo mmoja na minyoo mia ni kundi moja. Kwa kijito cha Nairobi gambuti na glavu ndefu ni lazima, na mwenye kidonda mkononi hashiriki. Siku baada ya mvua kubwa haifai, kwa sababu mkondo unakuwa umewasomba wanyama.

Sehemu ya juu ya bomba moja linalomwaga maji machafu walipata minyoo, ruba, mabuu ya nzi, konokono, kunguni wa maji na kerengende wembamba: 19 kugawanya kwa 6, yaani 3.2. Chini ya bomba walipata minyoo, ruba na mabuu ya nzi: 6 kugawanya kwa 3, yaani 2.0. Siku nyingine walikwenda kwenye kijito cha Kiambu kilichozungukwa na mashamba na miti, wakapata 6.3.

Thamani iko katika kulinganisha. Viwango vya ubora vya miniSASS viliwekwa kwa mito ya Afrika Kusini, na Tanzania imekwisha kuunda mfumo wake, TARISS, ili uendane na wanyama wa huko. Kwa viwango hivyo vya Afrika Kusini, 3.2 na 2.0 zote zinaangukia daraja la chini kabisa, kwa hiyo mtu akiripoti daraja peke yake bomba linatoweka kwenye ripoti. Akiripoti orodha ya makundi juu na chini ya bomba, linaonekana. Ikumbukwe pia kwamba njia hii haipimi vijidudu vya maradhi wala metali nzito. Mwanachama mmoja alianza kuwaambia wakulima wa nduma kwamba "maji ya juu ni afadhali", na ilibidi arekebishwe haraka.

Swali la mimea

Hapa zana zilikuwa iNaturalist, ambayo ni ya uangalizi wa viumbe wa aina zote, na Pl@ntNet, iliyoundwa na taasisi za utafiti za Ufaransa kwa ajili ya mimea. Zote hupendekeza jina kutokana na picha. Kwenye iNaturalist kuna pia watu wanaokubali au kupinga jina ulilotoa. Ili rekodi ifikie daraja la utafiti, inahitaji picha au sauti, tarehe, mahali, kiumbe asiyefugwa wala kupandwa, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wakubaliane kwenye spishi. Rekodi hizo huweza kuingizwa kwenye GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe inayotumiwa na watafiti.

Miezi miwili ya kwanza rekodi 140 ziliingizwa na 22 tu zikafika daraja hilo. Walipozipitia, kasoro zilikuwa tatu kubwa. Rekodi 37 zilikuwa za miti iliyopandwa na watu, zikiwemo miche yao wenyewe, lakini hazikuwekewa alama ya "iliyopandwa". Watambuzi wa nje waliiweka wao, na rekodi zikashushwa daraja. Nyingi za zilizobaki zilikuwa na picha moja tu, ya kichaka kizima kutoka mbali. Na baadhi zilichukua pendekezo la kwanza la programu bila kulinganisha, hasa kwenye jamii ya mtunguja na mnavu, ambako aina zinafanana mno.

Walichobadilisha ni utaratibu wa picha. Kila mmea ulipigwa picha nne ndani ya rekodi moja: jani upande wa juu, jani upande wa chini, ua au tunda likiwa na kitu cha kipimo kama sarafu, na umbo zima. Mahali pa simu paliwashwa kabla ya kupiga, kwa kuwa picha zilizopitia WhatsApp hupoteza taarifa za mahali. Jina la spishi liliandikwa pale tu mwanachama alipoweza kutaja ishara mbili alizoziona kwa macho. Vinginevyo aliishia kwenye jenasi. Baada ya hapo zaidi ya nusu ya rekodi mpya zilifika daraja la utafiti.

Orodha iliyotokana na kazi hii ndiyo iliyoamua kitakachopandwa. Waliona kwamba matete tayari yalikuwa yakishika udongo wa chini bila msaada wa mtu. Waliona pia mbarika, lantana na tithonia zikiongoza kwingineko, na miti miwili mikubwa ya mukinduri kwenye kiwanja cha kanisa jirani ikidondosha mbegu za bure.

Swali la ardhi, na vigingi vilivyong'olewa

Sheria za Kenya zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kikundi kilisoma Ibara za 42, 69 na 70 za Katiba, zinazohusu haki ya mazingira safi, wajibu wa serikali na njia ya kudai haki hiyo mahakamani. Katiba ipo kwa Kiswahili, jambo lililorahisisha. Walisoma pia Sheria ya Mazingira ya 1999 na kanuni za ubora wa maji za 2006, zinazokataza ujenzi ndani ya eneo la kando ya mto lisilopungua mita 6 na lisilozidi mita 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko, kutegemea upana wa mto.

Kusoma huko kuliwafundisha jambo ambalo mabango ya mitandaoni hayasemi: "mita 30" si kipimo cha kila mto. Kijito chao kina upana wa mita nne hivi, kwa hiyo kipimo kinachokihusu kiko karibu na kile cha chini. Walijifunza pia kuangalia mwaka wa toleo na marekebisho kabla ya kunukuu, kwani nakala kuukuu za kanuni huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa miaka.

Kisha wakaenda kupima. Walibeba futi kamba, wakapigilia vigingi kwenye umbali wa mita 6, na ili vionekane wakavipaka ncha rangi nyekundu.

Mtu yeyote aliyeishi Nairobi anajua alama nyekundu karibu na mto humaanisha nini. Mafuriko ya masika ya 2024 yalikuwa yamefuatwa na amri ya serikali ya kuhamisha watu waliokaa kandokando za mito, na nyumba nyingi zilibomolewa. Kulipokucha vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa. Wiki hiyo nyumba 11 zilikataa kulipa ada ya taka.

Viongozi walisitisha upimaji na kwenda kwa mzee wa mtaa, aliyeitisha mkutano. Walieleza walichokusudia, wakakubali kwamba hakuna kipimo kitakachochukuliwa wala ramani itakayotumwa popote bila wenye nyumba kuiona, na wakabadilisha mpango: wapande kwenye ukanda ambao hauna nyumba. Rekodi za iNaturalist karibu na milango ya watu zilifichiwa mahali kamili kwa kutumia mpangilio wa faragha wa programu yenyewe. Ada zilirudi kulipwa taratibu; nyumba tatu hazikurudi.

Swali la zamani

Google Earth ya kompyuta ina kitelezi cha picha za miaka iliyopita. Kwa asubuhi moja ya waifai waliona jinsi kona ya kijito ilivyosukumwa na vifusi miaka hadi miaka. Walielewa kwa nini maji hupiga upande mmoja wa ukingo kwa nguvu kuliko mwingine.

Global Forest Watch, ramani ya mtandaoni ya upotevu wa miti, iliwapa somo la aina nyingine. Wanachama wawili walitengeneza bango lililodai Msitu wa Karura, wenye hekta 1,041, unakatwa kimyakimya, kwa kuwa ramani ilionyesha madoa ya upotevu. Ramani hiyo huhesabu kuondoka kwa uoto wowote wenye urefu wa mita 5 au zaidi, katika miraba ya mita 30 kwa 30, bila kutofautisha msitu wa asili na shamba la miti ya kigeni. Karura ina sehemu za mikaratusi na miti mingine ya kupandwa inayovunwa ili nafasi yake ichukuliwe na miti ya asili, na doa la aina hiyo huonekana sawa na doa la uharibifu. Katika jiji ambalo Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiutetea msitu huo, bango hilo lingezua mengi. Lilizuiwa kabla ya kuchapishwa. Kwa kijito chenyewe ramani ile haikufaa kabisa: mraba mmoja unameza kijito, nduma na nyumba.

Jinsi masomo yalivyofika kwenye simu

Mwanachama mmoja kwa wiki alikaa ukumbini asubuhi, akapakua kilichohitajika mara moja, na kukigeuza kuwa vitu viwili: ukurasa mmoja wa picha na maandishi, na sauti ya dakika tatu kwa Kiswahili cha mtaani. Sauti ya WhatsApp ya urefu huo haifiki megabaiti moja. Wasio na simu janja walisikilizishwa kwenye mkokoteni. Siku ya kwenda kijitoni ilifuata ndani ya siku nne. Aliyetengeneza somo ndiye aliyeongoza kazi ya siku hiyo, kwa hiyo hakuweza kunakili asichokielewa.

Gharama ya bando ilishuka hadi chini ya robo ya ile ya awamu ya kwanza.

Matokeo

Mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zilipokolea, walipanda miche 60 tu: mukinduri, muringa, mzambarau mwitu na mgunga. Ilipangwa safu mbili, mita tatu kati ya mche na mche, juu ya alama ya mafuriko aliyoionyesha mzee wa nduma. Matete ya chini hayakuguswa. Kumwagilia kulihitaji madumu 15 kwa mzunguko, kazi ya watu watatu kwa saa moja. Hadi mwanzo wa masika yaliyofuata miche 47 ilikuwa hai. Tisa kati ya iliyokufa iliharibiwa na mbuzi.

Malalamiko kuhusu bomba yaliwasilishwa kwa maandishi yakiwa na picha, tarehe na orodha za miniSASS za siku nne tofauti. Afisa alifika, akaangalia, akachukua nakala. Bomba bado linamwaga.

Mfadhili hakuongeza muda, akitaja vyeti vichache.

Uchambuzi

Zana zilizofaa zilikuwa na sifa moja ya pamoja: zilimjibu mwanafunzi. Alama ya miniSASS inabadilika mtu akihamia mita hamsini chini. Mtambuzi wa nje kwenye iNaturalist anakataa jina. Sheria inakupa kipimo unachoweza kukibishia. Video ya msitu mdogo haikuweza kumwambia mtu kwamba amechimba kwenye njia ya maji. Tofauti hii ilikuwa na uzito kuliko ubora wa utengenezaji, kuliko jina la chuo, na, kwa maoni yetu, kuliko hata lugha. Kadi za miniSASS ni za Kiingereza na zilieleweka, kwa sababu mnyama alikuwa ndani ya mkebe.

Hata hivyo lugha isipuuzwe. Ukurasa mmoja na sauti ya dakika tatu vilifanya kazi ambayo hakuna tovuti iliyoifanya, na mzigo wake ulibebwa na watu wanne au watano wenye Kiingereza kizuri. Mmoja wao alipopata ajira Thika, masomo yalisimama kwa wiki tatu. Kikundi kinachotaka kuiga utaratibu huu kihesabu kazi hiyo kama kazi, na kuilipa.

Suala la vigingi halikuwa kosa la tovuti ya sheria. Maandishi yalisomwa sawasawa na kipimo kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni hatua kati ya kujua na kutenda hadharani, na hatua hiyo haipakuliwi: ilipasa kwenda kwa mzee wa mtaa kabla ya kwenda na futi kamba. Utaratibu uliowekwa baadaye ni kwamba zana yoyote inayoacha alama ardhini au mtandaoni kuhusu mahali watu wanapoishi hupitishwa kwanza kwenye mkutano wa wakazi.

Kuhusu idadi ya miche, wapo watakaosema 47 ni kidogo kwa kazi ya zaidi ya mwaka. Ni kidogo. Lakini kikomo kilichoamua ni madumu, na ilikuwa sahihi kuanza na madumu. Kosa lililobaki kwenye upandaji wa pili ni mbuzi, ambao kila mtu aliwajua na hakuna aliyewaandika kwenye maswali. Miiba ya mgunga iliyokatwa na kuzungushiwa kila mche ingetosha, nayo haikuwa na gharama.

Sharti la vyeti lilipima kitu kilicho rahisi kuhesabu. Kwenye mazungumzo ya mwisho kikundi kilimpa mfadhili vipimo vitatu mbadala: rekodi zilizofika daraja la utafiti, miche iliyo hai baada ya kiangazi kimoja, na idadi ya wanachama wanaoweza kuongoza upimaji wa maji peke yao. Hicho cha tatu kilikuwa kimefika 12. Mfadhili aliandika chini, na kikundi kinatumia vipimo hivyo hivyo kwenye maombi kinayoandaa sasa kwa mwingine.